Walisema Ametakata

"Mama mdogo, mbona unapaka dawa na huumwi?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la kwanza. Alikuwa mbele ya kioo cha chumbani, tyubu mkononi. Akacheka, akanipaka tone la krimu kwenye ncha ya pua. "Nenda kacheze huko, we bibi maswali."

Mama mdogo ni msusi. Ukimwona akisuka utadhani vidole vyake vinafukuzwa. Krimu yenyewe ilikuwa ya kutibu ukurutu, ya kupaka siku chache ukaacha, lakini duka la dawa la mtaani waliiuza kama pipi. Yeye aliipaka kila asubuhi. Uso ukang'aa. Wateja wakaanza: "Shoga, umetakata! Tupe siri." Neno hilo bado linanisumbua. Mtu akioga, ametakata. Akiwa mweupe, ametakata. Basi sisi wengine tuna uchafu gani?

Siri hakuitoa, na kupaka hakuacha. Ngozi ya mashavu ikawa nyembamba mpaka vimishipa vyekundu vikaonekana. Ndevu laini zikamwota kidevuni. Alikuwa hawezi kusogelea jiko, akisema mvuke unamchoma kama pilipili. Akiiacha krimu, uso unavimba na kutoa majimaji. Akiirudia, unatulia. Kwa hiyo aliirudia, kila mara akiapa ni mara ya mwisho.

Saluni ndiko alikopatia shida zaidi, maana kule kazi yote hufanyika mbele ya kioo. Akabuni njia: aligeuza viti, wateja wakawa wanatazama mlangoni. Wengine wakadhani ni fasheni mpya. Ikaenda hivyo mpaka bibi harusi mmoja akageuza shingo katikati ya kusukwa.

"Huyu asinishike! Ataniambukiza, na Jumamosi ndiyo siku yangu."

"Hauambukizi, dada," mama mdogo akasema.

"Umeupata wapi basi?"

Mwenye saluni akamvuta pembeni. "Mdogo wangu, kapumzike kwanza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uso upoe."

Alirudi nyumbani na vitana vyake kwenye mfuko wa plastiki. Kesho yake nilimsindikiza hospitali. Daktari alieleza kwamba ngozi imezoea dawa, kwamba mama mdogo ataipunguza taratibu, akipaka siku alizopangiwa tu, na uso utawaka sana kabla haujatulia, pengine kwa miezi mingi. Mimi nilishangaa. Kumbe hata ngozi inaweza kuwa na ulevi?

"Utarudi kama zamani?" mama mdogo akauliza.

"Utapata nafuu. Kama zamani, sitaki kukuahidi."

Sasa tyubu anaitunza mama. Jana mchana mama mdogo alimfuata mpaka mlango wa chumbani. Macho yalikuwa yamefumba nusu kwa uvimbe.

"Dada, nipe kidogo tu. Kama kichwa cha kiberiti. Nimesikia kuna saluni inatafuta msusi, nitaendaje hivi?"

"Daktari amesema leo siyo siku yake."

"Kwani daktari ndiye aliyevaa uso huu?"

"Nikikupa leo, kesho je?"

"Kesho sijui kama nitaitaka, dada. Sijui kama nitataka chochote."

Mama aliingia chumbani. Alifunga mlango kwa ndani, na tulimsikia analia. Mama mdogo akashuka chini pale pale, mgongo ukutani. Nikachovya kitambaa kwenye maji baridi, nikakikamua, nikaketi ubavuni pake. Alijiwekea mwenyewe usoni, maana mkono wa mtu mwingine unamuuma. 

"Uliwahi kuniuliza mbona napaka dawa na siumwi," akasema.

"Nilikuwa mdogo, mama mdogo. Achana nayo."

"Nilikuwa na kipele, mwanangu. Kimoja. Hata sikumbuki kilikuwa shavu gani."