Daraja la Kwanza kwa Kila Gunia

Nilikuwa mtu wa mizani kwenye ghala la korosho, Nachingwea. Kila gunia nalihesabu mara mbili, maana mara ya kwanza nahesabu na wakulima, na wao wana haraka zao. Mwenzangu, mpima ubora, alikuwa dada mmoja mpole. Kazi yake kuchoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha, kuchota korosho, kuzipasua na kutazama kiini. Jicho lake lilikuwa kali. Ila mpimaji wa ghala la Ruangwa alipoacha kazi, bosi akampa na ghala lile, leo huku, kesho kule. Kisha akamwongezea kuwatangazia wakulima madaraja yao. Mtu asiyeweza hata kubishania bei ya nyanya!

Asubuhi moja mzee wa Chiola alirudi mizani.

"Mwanangu, nimekuja kulalamika. Mmenipa daraja la kwanza."

Nikadhani ananitania. "Hongera, mzee."

"Hongera ya nini? Gunia langu moja lilinyeshewa. Nililileta nikijua mtanirudishia. Sasa limechanganywa na ya majirani zangu!"

Lundo zima, magunia thelathini na moja, lilikuwa likisubiri lori. Mnunuzi akichota kwenye hilo bovu, anakataa yote.

Nikaenda mezani kwa dada. Ndoo ya maganda ilikuwa safi, kavu.

"Umepasua ngapi leo?"

"Hata moja."

"Na jana, Ruangwa?"

Akanitazama kama namuuliza habari za mtu mwingine. "Kaka, ukiandika daraja la kwanza, hakuna anayekupigia kelele."

Nikafungua daftari lake. Kwanza, kwanza, kwanza, ukurasa mzima. Nikarudia toka juu, safari hii nikiomba niwe nimekosea.

Nikawaita wabeba mizigo, wakaanza kulishusha lundo kulitafuta gunia bovu, wakitutukana bila upendeleo. Nikampigia bosi.

"Lori lisije. Na kesho dada haendi Ruangwa."

"Nani kasema?"

"Mimi. Kelele za wakulima nipe mimi, nazipenda."

Nikamwombea dada mapumziko ya siku kumi, nikijua tutakutana kwenye tano. Akatoa mbili. Tukavutana mpaka nne.

Nilipogeuka kumpa habari, dada alikuwa ameshika korosho moja aliyoipasua, anaigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Kaka, hii nzima au mbovu? Niambie wewe. Mimi naona zote sawa."

Kiini kilikuwa cheusi tii.