Nani Alikuambia Nina Huruma?

Yule kijana wa ofisi ya ajira alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionichosha. Aligeuza kompyuta yake ili nami nione. Kulikuwa na mchoro wa rangi rangi wa kazi za upande wetu huu wa magharibi wa Sydney: wanaotunza wazee, wanaopakia mizigo kwenye maghala, wanaosafisha, wanaojenga. Akaweka kidole kwenye rangi ya kwanza.

"Hapa ndipo watu wa jamii yako wanapofanya vizuri," alisema kwa Kiingereza. "Akina mama wa Kongo mna huruma ya kuzaliwa nayo."

"Nani alikuambia nina huruma?"

Alidhani nimekosea maneno, akarudia sentensi yake polepole. Nikamwambia nimemsikia. Mama mkwe wangu nilimwogesha na kumlisha kwenye kambi ya wakimbizi hadi alipofariki, na nilifanya hivyo kwa sababu alikuwa mama mkwe wangu. Hilo halikunifanya niwe mtunza wazee wa dunia nzima. Basi lilikuwa limesimama nje ya dirisha, watu wanapanda. Nikamwonyesha.

"Nataka kuendesha lile."

Aliuliza kama nina leseni ya gari dogo. Sina. Kama nimewahi kushika usukani. Sijawahi, kwetu Uvira nilikuwa nauza vitenge sokoni. Akatabasamu, akasema ataniwekea nafasi ya mafunzo ya kutunza wazee wakati nikiendelea kufikiria. Nikasimama nikaenda zangu.

Habari ilifika kanisani kabla yangu. Wengi wa akina mama wetu wanafanya hiyo hiyo kazi ya wazee, na mmoja alinikabili mlangoni baada ya ibada.

"Mama, kumbe sisi unatuona wajinga?"

"Hapana, dada yangu. Kazi yenu naiheshimu. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba damu yangu ndiyo inayonipeleka huko."

Hakuridhika. Lakini mwingine, mkubwa wetu kwa umri, ambaye mgongo wake uliharibika kwa kuinua wagonjwa, alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Usikubali."

Wakati huo nilikuwa nafungasha mboga ghalani, kazi ya kuitwa kwa simu: leo njoo, leo usije. Siku ambazo sikuitwa nilijifunza gari na mume wangu kwenye maegesho matupu nyuma ya kanisa.

"Mama watoto, hiyo siyo breki!"

"Nimeshajua, baba watoto, usinipigie kelele!"

Leseni ya gari dogo niliipata. Ya basi ilinishinda mara ya kwanza. Nilikata kona karibu na shule, gurudumu la nyuma likapanda ukingo wa njia ya waenda kwa miguu, na mtahini akachora mkasi kwenye karatasi yake. Nilirudi nyumbani Toongabbie kwa treni, nimegeuzia uso dirishani ili watu wasinione nikilia. Juma hilo hilo yule kijana alipiga simu kusema bado kuna nafasi kule kwa wazee.

"Mpe mwingine," nikamwambia, nikakata.

Mara ya pili nilipita. Kampuni za mabasi zilikuwa zinahangaika kupata madereva, kwa hiyo hazikuwa na nafasi ya kuringa. Hata hivyo, msimamizi wa kituo alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akauliza kama nitafikia pedali.

"Kiti kinasogea," nilimjibu.

Sasa alfajiri wanaokaa nyuma yangu ni zile rangi za mchoro zenyewe. Wauguzi Wakenya wanaoniamkia kwa Kiswahili kikali cha Nairobi, vijana wa maghala wamevaa fulana za kung'aa, mafundi wenye buti zilizokaukiwa na saruji, mama Mvietnamu anayeshuka ili aunganishe treni ya Cabramatta. Wote wamechoka kabla siku haijaanza, na wote nawafikisha. Asubuhi moja mwanamume mmoja alisimama mlangoni, akanikazia macho.

"Una uhakika unaijua hii njia?"

"Kama huniamini, lingine linakuja nyuma," nikasema. "Nalo analiendesha mwanamke."

Akapanda, akaketi.

Lakini kazi hii nayo ina uonevu wake. Zamu zetu zinakatwa vipande viwili: asubuhi unaendesha, mchana unakaa bure bila malipo, jioni unarudi tena. Anayeishi mbali kama Penrith hawezi kwenda nyumbani na kurudi, basi analala kwenye gari lake. Madereva walinung'unika muda mrefu kwenye chumba cha chai. Siku ya kikao na wakubwa wa kampuni, wote wakainamisha vichwa. Mimi nikanyoosha mkono. Kiingereza changu kilivunjika katikati, nikakiokota, nikaendelea. Nilisema saa za mchana ni saa za maisha yetu, na anayezitaka azilipie.

Msimamizi alijibu kwamba asiyependa utaratibu yuko huru kutafuta kwingine. Watu wakanitazama, wakidhani nitaondoka. Niliweka mguu mmoja juu ya mwingine, nikangoja amalize, kisha nikanyoosha mkono tena.

Utaratibu haujabadilika hadi leo. Ila sasa vikaoni mikono inayonyooshwa imeongezeka, na msimamizi hawezi tena kujifanya haoni.