Manukato ya Mtu wa Kukaa

Shangazi aliyenipikia manukato ya harusi hakuniuliza napenda nini. Kwetu Arua, katika nyumba zetu za Waislamu, bibi harusi hakuulizwa. Mpishi alikutazama siku mbili tatu, unavyocheka, unavyobeba maji, unavyokaa mbele ya wageni, kisha akaamua mwenyewe wewe ni harufu gani. Wasichana wenye maneno mengi aliwapikia ya maua, mepesi, ya kiangazi. Mimi alinipikia ya miezi ya mvua: karafuu, mdalasini na sandali ndani ya mafuta ya simsim, mazito hadi yanaacha alama kwenye shuka.

“Hii iko ya mutu ya kukaa,” akasema. “Wewe hapana mutu ya kutembea. Baridi ikiingia, bwana yako atatafuta wewe na pua.”

Sikufurahi. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nilitaka kunukia maua kama wenzangu.

Tena yaliungua. Shangazi aliacha maganda ya machungwa, kiungo cha mwisho, yakikaukia motoni, akaenda kugombana na jirani juu ya kuku, na aliporudi yalikuwa meusi. Mtu mwingine angeyatupa. Yeye aliyatia vivyo hivyo, akanusa, akasema sasa hakuna mwanamke mwingine duniani atakayekuwa na harufu hiyo. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kutoomba msamaha. Lakini alisema kweli. Muda si mrefu maduka ya Wahindi yalifungwa, sandali ikawa habari ya zamani, na shangazi mwenyewe akafariki. Nikabaki na chungu kimoja cha manukato yale.

Mume wangu alikuwa dereva wa jeshi. Aliyapenda, nitamsingizia nini? Akiwa likizo na mvua ikinyesha, alikaa mkekani karibu yangu na kusema nyumba inanukia chai ya Idi. Alipoondoka mara ya mwisho aliniomba kidogo ya kubeba. Nilimjazia kichupa cha dawa ya sindano chenye kifuniko cha mpira, nilichopewa hospitali ya Kuluva nilipotibiwa jipu, nikakifunga shingoni kwa uzi mwekundu. Alikitia mfukoni mwa shati, akaupigapiga mfuko.

Halafu kimya. Miaka ile watu walikuwa wanapotea, na hakuna aliyeuliza mara mbili. Ukienda kuuliza kambini, nawe jina lako linaandikwa. Mwaka ulipopita majirani wakaanza kunipa pole nusunusu. Wazee wa msikitini walisema pengine nikae eda, miezi minne na siku kumi bila hina wala manukato, kisha niwe huru.

Mama mkwe alikataa katakata. Tuliishi wawili tu, mimi na yeye, tukisuka mikeka ya kuuza sokoni. Kwake jambo lilikuwa rahisi: mjane hajipaki manukato, basi maadamu mimi najipaka, mwanawe hajafa. Kila siku baada ya sala ya alasiri aliniita.

“Mutoto yangu, umejipaka?”

“Bado, mama.”

“Jipake. Bwana yako iko hai.”

Niliingia ndani, nikachovya kidole, nikapaka shingoni na nyuma ya masikio, nikarudi kukaa karibu yake ili anuse, aridhike, tuendelee kusuka. Mwanamke mbichi, amejipamba, ananukia mdalasini, na anayemnusa ni mama mkwe! Siku nyingine nilicheka peke yangu, siku nyingine nililia peke yangu. Upweke ule sikuwa na wa kumwambia. Sikuwa mke, sikuwa mjane. Na chungu kilikuwa kinapungua. Nilijua siku kitakapokauka, yule mama atamzika mwanawe, na sikujua kama yeye mwenyewe ataamka kesho yake.

Mwaka wa pili niliitwa Koboko kwenye harusi ya binamu yangu. Sikujipaka. Mke ambaye mumewe hayupo hasafiri akinukia. Watu wangepata la kusema. Tulikuwa tumejazana wanawake chumbani, mvua inapiga mabati, ndipo niliposikia harufu yangu. Nilinusa mikono yangu. Nilinusa kanga yangu. Siyo mimi. Karafuu, mdalasini, na kwa nyuma, ganda la chungwa lililoungua.

Ilitoka kwa mwanamke aliyekaa mbele yangu, mgeni kutoka ng’ambo ya mpaka, upande wa Yei. Mcheshi, kila wimbo yeye ndiye wa kwanza kusimama. Mtu wa kiangazi yule, mtu wa maua. Harufu yangu ilimkaa kama koti la kuazima.

“Dada, manukato yako iko muzuri,” nikamwambia. “Nani alikupikia?”

“Hapana kupika. Bwana yangu alileta.” Alifungua pindo la kanga, akatoa kichupa cha sindano. Uzi ulikuwa ule ule, umegeuka kahawia. “Anasema alinunua kwa Mwarabu, njiani. Mi natumia kidogo kidogo.”

“Yeye hapana kuja?”

“Hawezi kuvuka mupaka.” Akashusha sauti. “Alikuwa dereva ya jeshi huku, akakimbia. Usiseme kwa watu. Lakini iko mutu muzuri. Mvua ikinyesha, anasema nyumba inanukia chai ya Idi.”

Nilisema alhamdulillahi. Lilinitoka kabla ya wivu, kabla ya yote, na hadi leo nafurahi kwamba lilitangulia. Yu hai. Kisha nikatoka, nikasimama chini ya ukingo wa paa, maji yakinirukia miguuni, nikakasirika hadi meno yakagongana. Kuoa angeoa, dini inamruhusu. Kukimbia, ningekimbia naye. Lakini alisema amenunua! Shangazi, chungu, uzi mwekundu, na mimi niliyechovya kidole kila siku ili yeye awe hai, wote alitufuta akaweka Mwarabu wa njiani.

Nilirudi Arua juu ya lori la tumbaku. Mama mkwe alikuwa mkekani. Nilimnong’oneza sikioni, maana habari ya mtoro wa jeshi haisemwi kwa sauti: yu hai, yuko Yei, nimeonana na mtu anayemjua. Nilisema mtu, basi.

Alinishika uso kwa mikono miwili. Alilia, akacheka, akachinjisha jogoo wake wa pekee, akawapelekea majirani sahani bila kuwaambia ni ya nini. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha vile, na nilikaa mbali nayo kama mgeni.

Alasiri aliniita kutoka uani.

“Mutoto yangu! Leo hapana kidole moja. Leo jipake mingi!”

Niliingia ndani, nikafunua chungu. Miaka miwili nilikuwa nimejipaka kwa ajili ya mtu niliyeogopa kwamba amekufa, na mkono haukuwa mzito hata siku moja. Sasa yu hai, na mkono umelala mapajani, hautaki kunyanyuka.

“Mbona mi hapana sikia harufu?” akauliza kutoka nje.

“Imeisha, mama,” nikajibu.

Nikakifunika chungu. Manukato yalikuwa yamebaki ya kutosha misimu miwili ya mvua.