Keki Iliyoingia Kompyuta ya Dochka

Dochka Peneva wa ghorofa ya tano hakuwahi kukosa siku ya jina ya mtu, ile sikukuu ya mtakatifu wa jina lake, na hilo ndilo lililomponza. Kwetu Gabrovo mwenye siku ya jina haaliki mtu. Anapika, anaacha mlango bila kuufunga kwa ufunguo, anakaa kusubiri. Anayemkumbuka anakuja mwenyewe, na asiyekuja amejitangaza. Dochka aliwakumbuka wote, jengo zima, pamoja na wanawake aliosokota nao nyuzi kiwandani miaka na miaka. Kisha Desemba moja akamsahau Ignat wa chini. Ignat alikaa peke yake na chupa yake ya rakia, pombe yetu kali ya matunda, na hakumsalimia tena Dochka mpaka theluji ilipoyeyuka.

"Kichwa changu kimeanza kuvuja, shoga," aliniambia. "Lakini usijali, nimepata msaidizi."

Mimi ni Gina, mlango wangu unatazamana na wake. Kabla ya kustaafu nilikaa meza ya kompyuta kwenye maktaba ya mji, nikiwaonyesha watu wapi pa kubofya, na kazi ile ilinimalizia subira yote niliyozaliwa nayo. Kwa hiyo Dochka aliponionyesha msaidizi wake, keki ndogo ya waridi iliyokaa pembeni juu ya kivinjari chake, damu ilinichemka.

"Umeitoa wapi hii?"

"Imekuja yenyewe. Nilikuwa nasoma habari, ikatokea, ikaniambia usisahau tena siku za majina, bofya hapa. Nikabofya. Kila asubuhi inaniambia leo ni ya nani."

"Ikakuomba ruhusa gani?"

"Kusoma na kubadilisha kila kitu kwenye kila tovuti ninayofungua."

"Dochka! Kalenda inataka kujua tarehe. Kusoma mambo yako yote ni kwa ajili gani?"

"Iache isome. Pengine itaelimika."

Nilinyoosha mkono nikiondoe kiendelezi kile, kijiprogramu kinachodandia kivinjari, palepale. Alinipiga kofi vidoleni, eti nisiguse keki yake. Nikamwacha.

Haikupita wiki, ukurasa wake wa mwanzo ukageuka rangi ya zambarau, una lenzi kubwa katikati ambayo hakuna aliyeiweka. Akitafuta namna ya kuondoa doa la divai, analetewa chai ya kupunguza tumbo. Akitafuta basi la Plovdiv, analetewa magodoro. Siku aliyotafuta dawa ya kifundo cha mguu aliambiwa wanaume wapweke wa mji wake wanamsubiri.

"Hao niliwapitia mmoja mmoja," alikiri. "Hakuna hata mmoja ninayemfahamu, na mji wenyewe huu tunajuana wote."

Nilimweleza kwamba utafutaji wake umetekwa. Kila anachouliza kinapitia kwanza mikononi mwa mtu asiyemjua, na mtu huyo anamjibu kile kinachomfaidisha yeye. Dochka alisema hapana, mtandao umezeeka tu kama sisi.

Sasa nimtaje Lazar, maana bila yeye haya yote yangekuwa ya kucheka tu. Lazar ni mjane wa ghorofa ya pili, mtu wa masharubu na maneno machache, na kila masika anaotesha miche ya pilipili barazani kwake. Iliyo minene humpa Dochka. Miche tu, mtasema. Lakini Dochka alikuwa akiipokea kwa mikono miwili na kupanda nayo ngazi zote bila kutumia lifti. Mwaka ule aliamua moyoni mwake kwamba siku ya Lazar ataingia kwake wa kwanza, peke yake, na kumwambia waziwazi kwamba amechoka kula supu akitazamana na ukuta. Wa kwanza, kwa sababu ya Stanka. Stanka ana nywele alizozipaka nyekundu, mlango wake unatazamana na wa Lazar, na kila mwaka huwahi pale na keki ya dukani kabla hata ya mwenyewe kuvaa soksi.

Siku ya Lazar haina tarehe yake. Ni Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi, inafuata Pasaka, inahama kila mwaka. Mimi angeniuliza ningemwambia, ila nami ningemuuliza anaitakia nini, na hilo hakulitaka. Aliiuliza keki. Keki ikasema kesho. Moyo ukasita kidogo, kwa sababu sokoni matawi ya mierebi ya kupeleka kanisani Jumapili hiyo yalikuwa hayajaanza kuuzwa, basi akahakikisha kwa kutafuta mtandaoni. Lenzi ya zambarau nayo ikampa kurasa tatu za ndugu zake keki, zote zikasema kesho.

Nilimwona akipanda na mayai na kipande cha jibini cha kutosha harusi. Nikashangaa. Kama hamtujui, sisi ndio wale ambao nchi nzima inatucheka kwa ubahili, kwamba tunakata paka mikia ili mlango ufungike upesi wakati wa baridi na joto lisitoke. Banitsa ya Dochka ya siku zote, ule mkate wa matabaka na jibini, ina mayai mawili, na la pili hulitaja mbele ya wageni. Na msiniulize habari za kwaresima. Katika jengo letu anayefunga ni Ignat peke yake, naye ni kwa amri ya daktari.

Asubuhi yake akateremka na sinia, amevaa gauni la bluu, mdomo umepakwa rangi. Akabisha. Lazar alifungua akiwa na aproni na udongo mpaka kwenye viwiko.

"Siku njema ya jina lako, Bwana Lazar! Uishi miaka mingi! Nimekuja wa kwanza, kwa sababu nina neno la kukwambia."

Lazar alimtazama. Akatazama sinia, akatazama gauni. Kisha akaanza kucheka, kicheko kilichojaa ngazi nzima.

"Aprili mosi! Bi Dochka, umenipata! Umenipata barabara!"

Milango ikafunguka. Aprili mosi, siku ya wajinga, Gabrovo watu huamka na tahadhari, huingizi kijiko kwenye sukari bila kuonja kwanza, na Dochka kwa wasiwasi wa moyo wake alikuwa ameisahau kabisa. Stanka alitoka na rola za nywele kichwani.

"Siku yake ni Jumamosi ijayo, jamani! Kaja na banitsa kabisa! Na lipstiki! Dochka, we mwanamke ni shetani!"

Wakampigia makofi. Ignat alipiga mluzi. Dochka naye akacheka, angefanya nini? Akamwachia Lazar sinia mikononi, akapanda ngazi akicheka mpaka mlangoni kwangu, na alipoingia tu akalia kama sijawahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya mumewe. Nilisikia uchungu.

"Neno lenyewe hakunipa nafasi ya kulisema," alisema. "Sasa hata nikilisema, ni utani wa pili."

Mimi nikiumia nafanya kazi. Nilimfuta machozi, nikamkalisha mbele ya kompyuta yake, tukaanza msako. Tulifungua orodha ya viendelezi vyake. Nilidhani nitakuta keki peke yake, kumbe alikuwa amefuga kundi zima: wa utabiri wa nyota, wa hali ya hewa, wa kuponi, na paka anayetembea juu ya kioo bila sababu.

"Huyo paka usimtoe," alisema huku akipenga.

Tulivizima vyote. Tukatafuta namna ya kuloweka maharage, yakaja maharage, safi kabisa. Tukawasha wa nyota, tukatafuta tena: maharage. Wa hali ya hewa: maharage. Wa kuponi na paka: maharage. Tukawasha keki. Chai ya kupunguza tumbo.

"Mshenzi!" alipiga kelele Dochka. "Nilimkaribisha nyumbani!"

Kabla ya kuiondoa nilifungua kalenda yake. Waliotengeneza keki ile, popote walipo, walikuwa wamehesabu Pasaka ya Wakatoliki, ambayo mwaka ule ilitangulia yetu sisi Waorthodoksi kwa wiki moja.

"Kumbe keki Mkatoliki," alisema Dochka, na hapo ndipo nilipojua atapona.

Tukaiondoa. Kesho yake asubuhi ikawa imerudi, ya waridi vilevile. Hawa hawaji peke yao. Siku ileile aliyobofya, Dochka alikuwa amekubali pia kisomaji cha bure cha nyaraka, na hicho, kikiwa kimejificha kati ya programu za kompyuta, ndicho kilichokuwa kikiirudisha. Tukakitoa kwanza chenyewe, kisha keki, kisha nikaingia kwenye mipangilio nikarudisha ukurasa wake wa mwanzo na injini yake ya zamani ya kutafutia, nikafuta ruhusa za arifa alizogawa kama pipi. Nikamwapisha kwa jina la marehemu mumewe kwamba hatabofya tena kitu kilichomjia chenyewe, na kwamba kikiomba ruhusa isiyoendana na kazi yake ataniita. Akaapa. Paka tulimbakiza.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya Lazar ya kweli. Nilimgongea Dochka.

"Siendi. Nikienda watacheka nikiwa bado mlangoni."

Nikateremka mwenyewe. Stanka alikuwa ameshakaa karibu na mwenye siku, anakata keki yake ya dukani, na bila shaka alikuwa anasimulia banitsa ya Aprili mosi kwa mara ya mia. Watu walivunjika mbavu. Lazar hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ya chini jirani yangu yuko wapi. Nikamwambia yuko juu, na haumwi. Akanyanyuka, akachukua sinia la Dochka lililooshwa na kung'arishwa, akatoka. Mwenye siku kuacha wageni wake! Stanka alibaki na kisu hewani. Mimi nilikumbuka ghafla kwamba nimeacha jiko linawaka, nikamfuata.

Alibisha. Dochka alifungua kidogo, upana wa pua.

"Mwenye siku haaliki mtu," alisema Lazar, "kwa hiyo sijaja kukualika. Nimeleta sinia."

"Asante. Liweke chini. Aprili mosi imepita, Bwana Lazar, shuka na kicheko chako."

"Nilicheka, ndiyo. Nilicheka mpaka nilipokata kipande nikala. Hapo nikanyamaza, na wiki nzima hii nimenyamaza." Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. "Bi Dochka, mtu wa Gabrovo akutilie chumvi kwenye sukari kwa utani, nitaamini. Lakini siagi yote ile? Jibini lote lile? Mayai manane? Nani hapa kwetu ana wazimu wa kumaliza mayai manane kwa ajili ya kicheko?"

Mlango ulifunguka wote. Dochka alikuwa amevaa lile gauni la bluu. Sijui alilivaa saa ngapi, mwanamke mwenye kusema haendi.

"Kumi," alisema.

Lazar ilibidi akae kwenye ngazi.