Sahani Isiyo na Dawa Nayo Iliwaka

Shangazi yangu alikuwa fundi wa maabara, na miaka ishirini ya kazi kwenye chumba cha giza haikumpunguzia ukali. Ukifungua mlango bila kubisha, unatukanwa wewe na ukoo wako. Mimi mwenyewe nimeonja.

Kazi yake ilikuwa kuzinywesha rangi seli za saratani zikiwa hai. Rangi ile haionekani mpaka ikutane na oksijeni iliyogeuka sumu ndani ya seli. Hapo huwaka kijani. Profesa, bosi wake, alikuwa na dawa aliyoamini inaizidisha sumu hiyo mpaka seli zife. Sahani za seli zilipowaka alilia kwa furaha, maana mkewe alikuwa hoi kwa saratani hiyo hiyo, na yeye alisema anasubiri picha za hadubini tu ampe dawa.

Shangazi hakufurahi. Sahani isiyotiwa dawa nayo iliwaka.

"Profesa, ni taa ya hadubini," alimwambia. "Nimeiacha iwake mno, ikaichoma rangi yenyewe. Kosa ni langu."

"Futa hiyo picha."

"Sifuti ng'o."

Profesa alimkamata kisogo akamgongesha uso mezani. Jino likatoka. Msomi mzima! Shangazi alipong'ang'ania kompyuta, Profesa alimbana vidole kwenye droo ya chuma, akaisukuma kwa goti mpaka viwili vikavunjika. Wenzake Shangazi walikuwa nje ya mlango, wakaufyata. Siwasamehe.

Profesa alipomwachia, akihema, Shangazi hakukimbia. Alitema damu kwenye sinki, akatoa sahani mbili mpya, moja akaitia dawa. Akazinywesha rangi kwa mkono wa kushoto, wakasubiri. Safari hii taa aliiwasha kufumba na kufumbua.

"Njoo uangalie. Macho unayo."

Profesa aliinama. Sahani yenye dawa ilikuwa giza tupu. Ya pili pia.

"Haifanyi kitu," Shangazi alisema. "Mwache shemeji aendelee na matibabu yake."

Profesa alikaa sakafuni.

"Nilishamtoa hospitali. Mwezi sasa. Anakunywa hii tu."

Shangazi alinyanyua kiti cha chuma kwa mkono wake mzima, akampiga nacho begani, akampiga mgongoni, akarudia tena na tena, na Profesa hakuinua hata mkono kujikinga.