Kingo za mbao chumbani kwa mama

Jamani, leo mama yangu kaanguka kwa ubishi wangu.

Fundi alipomwekea sakafu ya mbao alinisihi: "Mama Zuhura, nizipige randa kingo za kila ubao zilale kidogo. Ubao ukinywa unyevu ukapanda, mguu unapita tu, haujikwai."

Nikamjibu, "Weee! Vifereji vyote hivyo kati ya mbao vijae mchanga, nani atafagia?"

Asubuhi mama katoka kutawadha, miguu mitupu, anaiburuta kama kawaida yake. Kumbe ubao mmoja umepanda.

Puu!

Kidole kimechanika, nyonga inauma, hawezi kusimama.

Fundi nimemwita, anazipiga randa hizo kingo. Hata hanisemi.

Mama ndo ananipoza: "Lakini mwanangu, mchanga si hamna?"

Nimeshindwa kucheka. Nyie mngemjibu nini?