Paka Watano, Kuku Saba

Mwalimu Rula hakuwa mkali. Watoto walimwita hivyo kwa sababu rula haikumtoka mkononi, lakini hakuna aliyewahi kuchapwa nayo. Alijikunia mgongo tu. Alifundisha darasa la tatu, chumba cha mwisho, chenye dirisha la kufunga kwa kamba.

Mwaka mmoja mambo yalimwendea kombo. Watoto wake walikuwa wamefeli swali la grafu za nguzo mara mbili mfululizo. Mwalimu mkuu akamwita ofisini.

"Mama, nakuheshimu. Lakini kuna mwalimu mpya ametoka chuoni, hisabati imemkaa. Jumatano nitakuja kukaa darasani kwako. Nikiona grafu bado hawajui, la tatu nampa yeye. Wewe utashika maktaba."

Maktaba yenyewe ilikuwa kabati moja, na mlango wake haukufunguka.

Alirudi nyumbani. Mumewe alikuwa seremala, shule aliijua kwa kutengeneza madawati yake. Akamuuliza kulikoni, akaambiwa.

"Hiyo grafu ni mnyama gani?"

"Ni nguzo, baba. Zinasimama pamoja. Penye wengi, nguzo ndefu. Penye wachache, fupi."

"Basi wajenge kwanza, ndipo wachore. Nitakukatia vibao."

Mdomoni alikuwa fundi. Mkononi akawa mzembe. Mtu asiyekata mlango bila kupima, siku hiyo hakupima hata kibao kimoja. Vya watoto tu, alijisemea. Vingine akakata kwenye mabaki ya fremu, vikawa vinene. Vingine kwenye mabaki ya droo, vikawa vyembamba. Vinene vikatangulia mfukoni, vyembamba vikakaa juu. Mkewe aliupokea mfuko, akashukuru, hakuufungua.

Jumatano mwalimu mkuu akaketi nyuma, magoti karibu na kidevu, maana dawati lilikuwa la mtoto. Mwalimu Rula akaita safu ya mbele, watoto kumi na wawili. Kila mmoja ataje mnyama anayempenda, achukue kibao, akipange mezani juu ya vya wenzake. Saba wakataka kuku. Hao wakaanza. Watano wa paka wakamalizia vya chini mfukoni.

Nguzo ya paka ikaipita ya kuku kwa kiganja kizima.

"Paka ameshinda!" darasa likalipuka.

Kule nyuma kalamu ya mwalimu mkuu ilikuwa inatembea. Mwalimu Rula angeweza kuziangusha zile nguzo kwa kiwiko, aseme bahati mbaya. Kabla hajaamua, akainuka binti mmoja aliyeitwa Kasuku, kwa jinsi asivyonyamaza.

"Mwalimu, huyo paka mwizi! Sisi wa kuku tuko saba, wao watano. Wametupitaje?"

"Wivu!" akajibu wa paka. "Kuku wenu wamekonda!"

Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, na kicheko kikamrudishia akili. Hakueleza kitu. Akauliza tu, "Nani mkweli hapa, nguzo au vichwa vyenu?"

Wakahesabu vichwa. Wakahesabu vibao. Saba, tano. Kasuku akachomoa kibao cha kuku na cha paka, akavisimamisha bega kwa bega.

"Ala! Cha kwao kimekula kikashiba!"

"Tufanyeje sasa?" akauliza mwalimu.

"Vyote viwe sawa!"

"Na kwenye daftari?"

"Mraba mmoja, mtu mmoja!"

"Na wote waanzie chini," akadakia wa paka, "asipande mtu kwenye kiti!"

Wakachora. Nguzo za wengine zililegea kama mlevi, lakini kuku walikuwa saba, paka watano, wote juu ya mstari mmoja. Mwalimu mkuu akapita kati ya madawati, akahesabu miraba kwa kidole, daftari baada ya daftari.

"Hii mbinu ya vibao visivyolingana umeitoa wapi?"

"Nyumbani."

"Mwalimu mpya nitampa la nne. Wewe usihame hapa."

Jioni alimsimulia mumewe mwanzo hadi mwisho. Seremala akashika kichwa, kisha msumeno.

"Lete nivisawazishe."

"Viguse uone! Mwakani nitaanza navyo hivyo hivyo."

"Fundi mzima mimi, aibu yangu ikae shuleni mbele ya watoto?"

"Ikae," akamwambia. "Imeshapata kazi."

Akafundisha la tatu miaka minane mingine, na grafu haikumsumbua tena.